Sura ya Saba: Kwa Nini Stenlesi Inakula Visu?

Swali hili huulizwa karibu katika kila karakana iliyonunua mashine yake ya kwanza ya CNC, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Industrial Area ya Nairobi: "Fundi, kisu hiki jana kimekereza shafti za chuma cha kawaida kutwa nzima. Leo nimefunga stenlesi, kimekufa kabla ya chai ya saa nne. Kasoro ni kisu, mashine au mimi?"

Mara nyingi kisu ni kizuri, mashine ni nzima na fundi anaijua kazi yake. Kilichobadilika ni chuma. Fundi amefunga chuma kingine lakini bado anakata kwa mazoea ya kile cha jana. Tena fundi makini akiona kisu kinaungua, mkono wake unamtuma kupunguza kila kitu: apunguze kina, apunguze mwendo, apite juujuu. Kwenye chuma cha kawaida tahadhari hiyo haimgharimu sana. Kwenye stenlesi, titani na aloi za nikeli, kupita juujuu ndiko kunakoua kisu.

Hoja ya sura hii ni moja. Metali hizi zinataka mizunguko michache na mkato wa kweli. Kisu ama kinakata, ama kiko mbali na kazi. Kisisugue hata mara moja.

Maneno tutakayoyatumia

Mashine ya CNC ni mashine ya kukereza au ya milingi ambayo mienendo yake inaongozwa na kompyuta inayofuata programu. Mashine ya milingi iliyopokea maagizo yake kwa utepe wa karatasi uliotobolewa ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT nchini Marekani, na zote tunazotumia leo ni uzao wa wazo lile. Tofauti yake kubwa na mashine ya mkono ni kwamba haisikii. Fundi anayezungusha gurudumu kwa mkono akisikia mlio umebadilika, analegeza bila hata kufikiri. CNC itaendelea na namba ulizoipa mpaka tipu ipasuke. Kwa hiyo uamuzi wote unafanyika kabla ya kubonyeza kitufe.

Kasi ya kukata ni mwendo ambao uso wa chuma unapita mbele ya makali, na hupimwa kwa mita kwa dakika. Usiichanganye na mizunguko ya spindo. Shafti nene na shafti nyembamba zikizunguka mara 500 kwa dakika, uso wa ile nene unakimbia zaidi.

Fidi ni umbali ambao kisu kinasogea kwa kila mzunguko, au kwa kila jino kama ni milingi. Kina cha mkato ni unene wa chuma unaoondolewa kwa pito moja. Chipsi ni vipande na nyuzi za chuma zinazotoka. Tipu ni kile kipande kidogo cha kabaidi kinachofungwa kwa skrubu kwenye kishikio. Kabaidi yenyewe ni unga wa tangsteni na kaboni uliogandishwa pamoja kwa kobalti, na huvumilia joto kuliko chuma chochote cha kutengenezea visu.

Ugumu wenyewe uko wapi?

Stenlesi ya aina ya 304, ile ya masinki na matangi ya maziwa, ina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli. Ijaribu kwa tupa. Inakwaruzika bila shida. Kwa kipimo cha ugumu peke yake, shafti nyingi za magari zinaizidi. Kinachotusumbua ni tabia zake tatu.

Ya kwanza ni joto. Tia kijiko cha stenlesi na kijiko cha aluminiamu ndani ya kikombe cha chai ya moto, kisha shika mipini. Wa aluminiamu utakuunguza upesi, wa stenlesi utakaa baridi kwa muda. Jikoni hiyo ni faida. Kwenye mashine ni balaa, maana joto linazaliwa pale pale makali yanapokata na halipati njia ya kukimbilia ndani ya kazi. Stenlesi ya 304 inapitisha joto kama theluthi moja tu ya chuma cha kawaida. Aloi ya titani inayotumika zaidi kwenye ndege, Ti-6Al-4V, inapitisha kama sehemu moja ya saba. Joto likikosa pa kwenda, linabaki kwenye ncha ya kisu.

Ya pili ni kujikaza. Chukua kipande cha waya, ukunje na kuukunjua mahali pale pale. Kabla haujakatika utahisi umekuwa mgumu kuukunja. Stenlesi inafanya hivyo mbele ya kisu. Kila pito huacha nyuma yake ngozi nyembamba iliyo ngumu kuliko chuma kilicho chini yake. Pito linalofuata likiwa jembamba kupita kiasi, makali yanatembea ndani ya ngozi hiyo tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho, na kila mara yanaikaza zaidi.

Ya tatu ni kunata. Chuma cha moto hushika kwenye makali na kujenga kinundu. Kinundu hicho kikibanduka kinaondoka na kipande cha makali, na uso wa kazi unabaki na mikwaruzo ambayo msasa hauifuti.

Titani inaongeza ya nne: inapinda na kurudi. Ukakamavu wake ni kama nusu ya chuma, hivyo ukuta mwembamba wa titani unakimbia kisu kisha unarudi kukisugua kikishapita.

Kwa ufupi: joto linabaki kwenye ncha, uso unajikaza, na chuma kinanata. Ushauri wote unaofuata unatokana na hayo matatu.

Waliolipa ada ya titani

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Lockheed ya Marekani ilikuwa ikitengeneza ndege ya upelelezi ya A-12, na baada yake SR-71, ambazo zilijengwa karibu zote kwa titani kwa sababu kwa mwendo wao wa kasi mno aluminiamu ingelegea kwa joto. Mwanzoni biti moja ya kutobolea ilitoa mashimo 17 tu, kisha ikatupwa. Walipokwisha kubuni biti zenye umbo jingine, moja ilitoboa mashimo 100, kisha ikanolewa na kurudi kazini.

Waligundua pia jambo ambalo karakana ndogo inapaswa kulijua. Baadhi ya vichwa vya bolti vilikuwa vikidondoka vyenyewe vikipata moto, na chanzo kilikuwa spana zilizopakwa kadimiamu: chembe za kadimiamu ziliingia kwenye titani na kuifanya ivunjike. Vipande vilivyooshwa kwa maji ya bomba yenye klorini nyingi navyo viliharibika mapema. Kwa hiyo ukipewa kazi ya titani, usiisafishe kwa chochote chenye klorini, na ulizia spana zako zimepakwa nini.

Punguza mizunguko, acha mkato

Hizi ni kasi za kuanzia kwa tipu za kabaidi, katika mita kwa dakika. Boksi la tipu likisema vinginevyo, lifuate boksi.

- Chuma cha kawaida chenye kaboni kidogo: 150 hadi 250
- Stenlesi 304 na 316: 100 hadi 150
- Titani Ti-6Al-4V: 40 hadi 60
- Inconel 718, aloi ya nikeli ya injini za ndege na mitambo ya gesi: 25 hadi 40

Kupata mizunguko, zidisha kasi kwa 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara kipenyo kwa milimita. Shafti ya stenlesi ya milimita 50 kwa kasi ya 120 inatoa mizunguko kama 760 kwa dakika. Endimili, yaani kisu cha milingi chenye meno ubavuni na kwenye ncha, ikiwa ya milimita 10 ndani ya titani kwa kasi ya 50, inatoa kama 1,590.

Kwa nini kasi ndiyo ya kuguswa kwanza? Jibu tunalo tangu Frederick Taylor, mhandisi wa Marekani aliyeanza majaribio ya ukataji wa vyuma mwaka 1880 katika kiwanda cha Midvale, Philadelphia, akayaendesha kwa miaka 26 na kugeuza zaidi ya tani 350 za chuma kuwa chipsi. Matokeo aliyatoa mwaka 1906. Aliona kwamba maisha ya kisu yanaanguka kwa haraka mno kasi inapopanda. Kwa kabaidi, ukiongeza kasi kwa asilimia 20, maisha ya tipu yanapungua kama nusu. Kina na fidi vinayapunguza pia, lakini kwa upole zaidi. Kwa hiyo kisu kikifa mapema kwa joto, teremsha mizunguko kwa asilimia 15 au 20, na fidi kwa kila mzunguko iache ilivyo.

Njia ambazo kisu husugua bila wewe kujua

Hapa ndipo nakuomba usome polepole, maana tipu nyingi zinapotea hapa.

Fidi ndogo mno. Makali ya tipu mpya yanaonekana kama wembe, lakini kwa darubini ni ya mviringo kidogo. Yametengenezwa hivyo ili yasivunjike. Fidi ikiwa ndogo kuliko mviringo huo, chuma hakikatwi. Kinasukumwa chini na kubanwa. Kwa tipu ya kawaida ya kukerezea stenlesi, usiteremke chini ya milimita 0.1 kwa mzunguko. Ukitaka uso laini zaidi, nunua tipu ya kumalizia yenye makali yaliyochongoka.

Pito la mwisho jembamba. Wengi huacha milimita 0.05 ya "kusafishia". Hiyo yote ni ngozi iliyojikaza. Acha milimita 0.4 au 0.5, umalize kwa pito moja lenye mkato unaosikika.

Chipsi nyembamba kuliko ulivyopanga. Hili halionekani kwa macho na ndilo linalowapata hata wazoefu. Kwenye milingi, kisu kikiingia ubavuni kidogo tu, kila jino linachota kipande chembamba kuliko fidi uliyoandika. Endimili ya milimita 10 ikikata upana wa milimita 1, unene halisi wa chipsi ni kama asilimia 60 ya fidi. Umeandika 0.05 kwa jino, unapata 0.03, na kisu kinasugua ingawa programu inaonekana sawa. Ili upate 0.05 ya kweli, andika kama 0.083. Wanaoogopa kuongeza namba hiyo ndio wanaochoma endimili nyingi zaidi.

Mwelekeo mbaya. Kuna njia mbili za kupitisha kisu cha milingi. Katika moja, jino linaanza kwa kugusa tu na chipsi inanenepa kadiri linavyokwenda. Katika nyingine linaingia na unene wote na kutoka likiwa jembamba. Hiyo ya kwanza inasugua kila linapoanza, yaani maelfu ya mara kwa dakika. Kwa metali hizi tumia ya pili. Ila iwe kwenye CNC, ambayo skrubu zake za mipira hazina nafasi ya kucheza. Kwenye mashine kuukuu ya mkono yenye skrubu iliyolika, njia hiyo ya pili inaweza kuivuta meza ghafla na kuvunja kisu, au kumuumiza aliyesimama hapo.

Kisu kusimama juu ya kazi. Ondoa kwenye programu kila agizo la kusubiri chini ya shimo au mwisho wa mfereji. Sekunde moja ya kusimama huku spindo ikizunguka inatosha kutengeneza pete ngumu ambayo kisu kijacho kitaikuta.

Umeme kukatika. Kwetu hili si jambo la nadra. Kisu kikibaki kimezama ndani ya kazi, usiwashe na kuendelea pale ulipoishia. Kirudishe kwa mkono kwa njia ile ile kilikoingilia, kague makali kwa kioo cha kukuzia, kisha anza pito upya kutoka nje. Betri ya kulinda kompyuta ya mashine inaokoa programu, lakini spindo itasimama tu.

Kutetemeka nako ni kusugua, maana kisu kinaruka na kurudi. Kishikio kikitokeza nje mara mbili ya urefu wa mwanzo, kinapinda mara nane zaidi. Kwa upande wa pili, kutoka endimili ya milimita 10 kwenda ya 12 kunakupa ukakamavu zaidi ya mara mbili. Kabla ya kununua tipu ghali, rudisha kisu ndani ya kishikio, funga kazi fupi, tumia kisu kinene kadiri umbo linavyoruhusu. Gharama yake ni dakika kumi za subira.

Kulanti

Kulanti ni mchanganyiko wa maji na mafuta maalumu unaopoza na kulainisha. Taylor alionyesha kwamba kumimina maji kwa wingi pale chipsi inapotoka kunaruhusu kasi kupanda kwa kati ya asilimia 30 na 40.

Kwa metali ngumu kukatwa, mchanganyiko uwe wa asilimia 8 hadi 10 za mafuta, upimwe kwa kipima-mwanga, kile kifaa kidogo unachokichungulia kama darubini baada ya kuweka tone. Kuonja kwa vidole hakutoshi. Unapochanganya, mimina mafuta ndani ya maji, usimimine maji ndani ya mafuta. Maji ya visima vya pwani yenye chumvi huutenganisha mchanganyiko upesi na kuleta kutu kwenye meza ya mashine. Bora kukusanya ya mvua. Na kwa kuwa maji huvukiza huku mafuta yakibaki, jazia kwa mchanganyiko mwepesi.

Bomba lielekezwe kwenye makali yenyewe, mfululizo. Mnyunyizo unaokuja na kupotea unaipasha na kuipoza kabaidi mpaka inapata nyufa ndogo ndogo. Kama huwezi kuleta kulanti ya kutosha, ni afadhali ukate mkavu kwa kasi ya chini zaidi.

Mashimo na hesi

Shimo ni mahali pagumu kuliko pote, kwa sababu chipsi na joto vina mlango mmoja. Anza na biti fupi. Itumie kwa fidi isiyositasita, na usiitoe na kuirudisha kila nusu milimita kama ilivyo desturi, kwa kuwa kila kurudi ni kugusa upya sakafu iliyojikaza. Itoe tu pale chipsi zinapogoma kupanda.

Hesi, yaani zile nyuzi za bolti na nati, zinavunja tapu nyingi, yaani visu vya kukatia hesi ndani ya shimo, kwenye stenlesi kwa sababu shimo limebana. Kwa M10 ya kawaida wote tunatoboa 8.5. Kwenye stenlesi toboa 8.6: bado liko ndani ya kipimo kinachokubalika, na tapu inapumua. Kwa kipande cha bei, kata hesi kwa kisu cha milingi cha hesi. Kikivunjika kinatoka kirahisi kwa sababu ni chembamba kuliko shimo, lakini tapu iliyovunjika ndani ya stenlesi mara nyingi inaondoka na kazi nzima.

Chuma usichokijua jina

Ushauri wote huu unadai ujue umefunga nini, na wengi wetu tunakata chuma cha skrepa. Anza na sumaku. Stenlesi za 304 na 316 hazishikwi na sumaku, au zinashikwa kidogo tu pale zilipokunjwa na kujikaza. Kisha gusa kona kwenye jiwe la kusagia: chuma chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazochanua kama kichaka, stenlesi hizi hutoa chache, fupi, za rangi ya machungwa, na titani hutoa nyeupe zenye mwanga mkali.

Mteja akikuachia uchaguzi, uliza kitu kitaishi wapi. Shafti ya boti ya Mombasa au Zanzibar inataka 316, ambayo ina molibdenamu ya kupambana na chumvi. Bushi ya kiwandani isiyochomelewa wala kuguswa na maji ya bahari inaweza kuwa 303, ambayo imetiwa salfa makusudi ili chipsi zikatike. Inakatwa kwa raha isiyo na kifani. Usiwahi kuipeleka 303 baharini, kwani salfa ile ile inafungua njia ya kutu.

Titani ina onyo lake. Chipsi zake nyembamba zinaweza kushika moto, na moto huo haukubali maji wala gesi ya kaboni dayoksaidi. Vyote viwili vinaukoleza. Weka ndoo ya mchanga mkavu kabisa kando ya mashine, na ufagie chipsi kila baada ya kazi.

Na ikiwa chuma hakishikwi na sumaku, kimetoka kwenye taya za mashine ya kusaga kokoto au kwenye makutano ya reli, na tipu mpya inateleza juu yake, karibu hakika ni chuma cha manganizi. Robert Hadfield alikivumbua Sheffield mwaka 1882, kikiwa na manganizi ya asilimia 11 hadi 14, na kazi yake ni kujikaza kadiri kinavyopigwa. Uso wake umeshapigwa na mawe kwa miezi. Hicho usikipigie bei ya kukereza. Mwambie mteja kitasagwa kwa jiwe, umtajie na muda wake.